Kitambaa cha Mume Wangu na Giboshi ya Buluu

Tangu mume wangu Tsuneo astaafu kazi ya reli, nyumba hii haina raha. Alianza na kabati la vyombo: akayapanga mabakuli upya, mpaka leo ya supu nayatafuta. Akahamia kwenye viatu vya mlangoni. Kila nikigeuka yupo nyuma yangu na kitambaa mkononi, anauliza nini kingine kichafu. Amenichosha, na simfichi mtu.

Nilichobakiwa nacho ni kivuli cha nyuma ya nyumba. Huko ndiko ninakootesha giboshi, mmea wa majani mapana, ile ndogo ya buluu, kimo chake hakizidi bakuli la wali. Jua likiigusa inapauka, na huchukua miaka kukolea rangi. Mwaka huu ilikolea. Jumapili ningeipeleka kwenye maonyesho ya mimea kwenye ua wa hekalu, mara yangu ya kwanza, na majirani wote nilishawatambia.

Jumamosi nikaenda kununua tofu ya kutia kwenye supu. Kurudi, namkuta mume wangu amechuchumaa pale kivulini, ndoo ubavuni, uso umejaa furaha. Giboshi ilikuwa kijani. Kijani cha mchicha.

"Ilikuwa na vumbi, Mama Chikako," akaniambia. "Nimeifuta jani moja moja. Sasa inang'aa."

Lile vumbi ndilo buluu yenyewe. Ni unga mwembamba ambao jani hujipaka, kama ule wa juu ya zabibu, na ukishafutwa usubiri majani mapya ya mwakani. Nilimweleza hayo kwa sauti ambayo nadhani hata mtawa wa hekaluni aliisikia. Nikamwambia kwamba miaka yote aliyokuwa akiondoka alfajiri na kurudi nimelala, mwenzangu alikuwa mmea huu. Nikamwambia hapa si stesheni, aniachie nyumba yangu.

Alikikamua kitambaa, akakikunja vizuri, akabaki amekishika.

"Jikoni ni kwako," akasema. "Sebuleni nakuzuia kufagia. Huku nako nimeharibu. Basi niambie, mimi nikae wapi?"

Nilitaka kumjibu kwa ukali. Nikaipitia nyumba nzima kichwani, chumba hadi chumba, na kweli hapakuwa na hata pembe moja ya kwake. Hasira haikuniisha, lakini nilimwonea huruma.

Nikamwaga maji, nikaipindua ndoo kando ya giboshi.

"Kaa hapa, Baba Chikako," nikasema. "Ufukuze konokono. Majani usiyaguse."