Kidevu cha Baba

Mhasibu alikuwa amefikia umri wa kuota kitambi, lakini wembe wa kinyozi, ule wa kukunja, hakuwahi kuushika mpaka kiharusi kilipouua mkono wa kulia wa baba yake. Ndevu zake mwenyewe alizipunguza kwa mashine. Baba, aliyenyoa watu tangu ujanani, mashine hakutaka hata kuisikia ikinguruma, na sasa kidevu chake kilikuwa kimejaa mvi ovyo ovyo. Jumapili baba mkwe wa Mhasibu angekuja kumpa mgonjwa pole.

"Hatanikuta hivi," mzee alisema kwa ulimi mzito. "Chukua wembe wangu. Jifunze kwenye uso wako, kisha uje kwenye wangu."

Donda lilikuwa hapohapo. Siku ya posa Mhasibu aliulizwa kazi ya baba yake, akajibu bila kupepesa macho kwamba mzee anauza vipodozi. Nyumba ile ilikuwa na makochi ya ngozi, naye aliona kinyozi hafai kutajwa humo. Uongo ukakaa, ukazoeleka, na kila baba mkwe alipoulizia biashara inaendeleaje, Mhasibu alijibu kwamba inakwenda vizuri.

Akajifungia bafuni na wembe. Alianza kwa kunoa, akausukuma kwenye mkanda wa ngozi makali yakiwa mbele, akauchana mkanda uliomlisha na kumsomesha. Baba alipoletewa alipapasa ule mchano kwa kidole cha mkono mzima. "Mgongo ndio unatangulia, makali yanafuata," alisema, wala hakuongeza neno. Afadhali angemtukana.

Usoni nako akausimamisha wembe badala ya kuulaza, akakandamiza, akajikata kidevu. Kazini akawaambia paka kamparua.

"Paka wako anajua kunyoa," tarishi alisema, ofisi nzima ikacheka.

Jumapili akamfunga mzee taulo shingoni, akampaka povu, akavuta ngozi ya shavu. Safari hii wembe aliulaza. Ukapita ukikwaruza taratibu, na shavu la kwanza likatoka safi hata yeye akashangaa. Alikuwa kwenye kidevu aliposikia gari likizimwa nje. Mkono ukaanza kukimbia. Hakuwa akiharakisha kwa ajili ya mgeni, alitaka tu wembe usionekane, na mzee alilijua hilo kabla damu haijachuruzika. Kwa mkono wake mzima aliuchukua wembe, akaukunja pajani na kuufunika kwa ncha ya taulo.

Baba mkwe akaingia, akatoa pole, akainama kutazama. "Nani kakukata hivi, mzee mwenzangu?"

"Nimejikata mwenyewe, kwa huu wa kushoto," mzee alijibu. "Sisi wauza vipodozi, wembe tunaujulia wapi?"

Mhasibu alihisi uso unawaka. Uongo ule hakuwahi kumwambia baba yake. Kumbe mzee alikuwa akiujua miaka yote. Siku ya harusi alikaa katikati ya wakwe akiwa ameubeba, na sasa mtu ambaye hakuwahi kumtoa mteja damu alikuwa anaichukua aibu ya mwanawe na kuifanya yake.

Baba mkwe alitazama kidevu cha mzee, kisha kidevu cha mkwewe, ambacho nacho kilikuwa na majeraha mabichi.

Mhasibu akainua ncha ya taulo, akautoa wembe, akaukunjua mbele ya mgeni.

"Baba ni kinyozi," alisema. "Na kinyozi hajinyoi. Nimemkata mimi."

Mzee hakumtazama mtu. Aligeuza uso pole pole, akaleta shavu la pili, povu lake likiwa limeanza kukauka.

"Basi malizia," alisema. "Na usiusimamishe."