Mwezi wa Sita Uliokuja Mara Mbili

Mwaka ule, katika kalenda yetu ya mwezi mwandamo, mwezi wa sita ulirudiwa, kama inavyotokea kila miaka michache ili kalenda ilingane na majira. Bibi alinichagulia siku ya harusi: tarehe kumi, mwezi wa sita wa pili. Lakini tarehe kumi ya ule wa kwanza, nikiwa naosha nywele uani, ziliingia pikipiki kumi na moja. Ya mbele ilimbeba Điền, mchumba wangu, ndani ya suti. Ya mwisho ilibeba baba yake na nguruwe mzima aliyechomwa.

"Mmewahi mwezi mzima," mama alisema. "Rudini tu, baba Điền."

"Na huyu nguruwe je?" baba yake Điền aliuliza.

Nilicheka mpaka povu likaniingia machoni, huku nikiwaomba mababu wasinicheleweshe mwezi mwingine. Bibi alilamba kidole, akafunua kalenda yake ya siku za heri na za mkosi.

"Leo ni mbaya kwa kuchimba kisima," akasema. "Mbaya pia kwa kunyoa."

"Na kuoa, bibi?" Điền aliuliza.

"Kwa kuoa ni nzuri. Ila saa ya heri inaisha saa tatu."

Ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi. Nilikimbilia chumbani kuvaa, nywele zikichuruzika maji, nikiwashukuru mababu mmoja mmoja kwa jina.