Ini Alilopakuliwa Kaka

Baba yangu, Didas, alikuwa jumbe karibu na Tosamaganga, na ini la kila mnyama aliyechinjwa kijijini lilikuwa haki yake. Alilishushia kwa ulanzi. Mdogo wake, Liberatus, ndiye aliyegema mianzi na kumletea pombe hiyo asubuhi na jioni, masika yote.

Masika ya 1953 kidole gumba cha mguu wa baba kilivimba, kikawaka moto, hata shuka likimgusa alipiga kelele. Mwaka uliofuata, masika yale yale, kikavimba tena. Baba akasema ulanzi umetiwa sumu. Mbele ya wazee wote akamfukuza mdogo wake. Mimi nilikuwepo, nikanyamaza, na hadi leo naona aibu.

Baba mdogo akahamia Mbeya. Ulanzi ukagemwa na wengine, mguu ukavimba vilevile.

Ndipo baba akakubali kwenda kwa daktari wa misheni.

"Ni jongo," daktari alisema. "Ugonjwa wa kale huu. Wafalme wa Ulaya waliugua hivi hivi kwa nyama na mvinyo. Mzee, acha maini, acha pombe."

Kwa majivuno yake, siku nyingine baba angefurahi kuwekwa kundi moja na wafalme. Siku ile aliinamisha kichwa.

"Nimemfukuza mdogo wangu bure," alisema.

Tukapanda basi hadi Mbeya, mimi na yeye. Baba mdogo alitupokea vizuri, akachinja mbuzi wake pekee. Mkewe, Tusajigwe, akamwekea baba ini, heshima ya kaka.

Nikamnong'oneza, "Baba, daktari alisema..."

Akalisogeza bakuli karibu. Mtu uliyemsingizia sumu, ukikataa chakula chake, hata ukitaja madaktari kumi, ataelewa nini? Baba mdogo alikuwa anautazama mkono wa kaka yake.

"Mdogo wangu, nilikukosea. Nisamehe," baba akasema, akala ini lote, akafuta bakuli kwa ugali. Baba mdogo akafunika uso, akalia.

Siku ya kuondoka kidole kilikuwa kimevimba kama kiazi. Baba akanikataza kusema. Akakisukumiza ndani ya kiatu, akafunga kamba, akatembea na mdogo wake hadi kituo cha basi wakicheka, bila kuchechemea hata hatua moja. Akapanda, akampungia mkono.

Basi lilipokata kona, alinishika bega machozi yakimtoka.

"Benedicta," alisema, "nivue kiatu."