Tundu la Mchunaji

Ngozi ya kale ilikuwa imelazwa juu ya kioo chenye taa chini yake, na katikati ya mistari ya Injili palikuwa na tundu dogo la mviringo. Maneno yalilikwepa tundu hilo kama watu wanavyokwepa dimbwi njiani. Mhakiki wa maandiko alipoliona, moyo wake ulicheka. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, na nyani wa leo alikuwa Mzee Wembe.

Mzee huyo alikuwa mwalimu wake. Wanafunzi walimpa jina hilo kwa sababu hukumu zake zilikata bila kuuliza. Naye mhakiki alikatwa. Alipowasilisha ukurasa wa Injili alioumalizia ujana wake, mzee aligusa tundu lililokwepwa na maneno, akawaambia wenzake, "Tundu lilikuwepo kabla ya wino. Mghushi kapata ngozi kuukuu iliyoliwa na wadudu, akaandika pembeni mwa matundu. Basi." Wakacheka. Shahada ikaota mbawa, ukurasa ukatupwa stoo. Hakumsamehe, wala hakujifanya amemsamehe.

Sasa mzee amestaafu, na ukurasa alioupata uzeeni, tegemeo la jina lake lote, umeletwa kwa mhakiki kupimwa. Neno moja tu, "ghushi", lingetosha. Dawa ya moto ni moto. Akashika kalamu.

Lakini jicho lililofunzwa halina adabu. Huona hata lisichotumwa. Kingo za tundu zilikuwa nene, zimevutika. Mdudu hali ngozi hivyo. Kisu cha mchunaji kiliteleza, ngozi ikawambwa ingali mbichi, tundu likapanuka, ndipo mnakili akaandika akilizunguka. Ukurasa ulikuwa wa kweli. Tena herufi zile zenye mikia mizito alizijua kama anavyoijua sauti ya mama yake. Aliiweka kalamu chini, akashuka stoo mwenyewe.

Alasiri mzee aliingia akiegemea mkongojo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umeona nini?"

"Tundu. Maneno yamelikwepa."

Uso wa mzee ulinyauka. "Hilo ni la kisu, si la mdudu! Hukutazama kingo?"

"Nimetazama." Akauweka ukurasa wa stoo kando ya ule wa mzee, taa ikaziangaza kurasa zote mbili. Mwandiko uleule, kingo zilezile. "Na huu je, Mwalimu, ulizitazama kingo zake?"

Mzee akatafuta kiti. "Niliziona," alisema. "Ungekubaliwa huo, kitabu changu cha wakati ule, kilichopingana nao, kingeanguka."

"Basi chagua. Mnakili ni mmoja. Ama zote mbili za kweli, ama zote mbili ghushi. Futa hukumu ya ule wa kwanza kwa mkono wako, uandike ulimdhulumu nani. Nami nitaandika ya huu wako."

Mzee akaomba kalamu. Kidole kilekile kilichomwaibisha mhakiki kilikandamiza kalamu, karatasi ikawa inateleza juu ya kioo. Saa hii mhakiki alikuwa ameiota miaka na miaka, na kweli ilikuwa tamu. Karatasi ilipoteleza tena, alinyoosha mkono akaishikilia.

Mzee aliandika mstari mmoja, akasita. Aliinua macho, yamejaa haya.

"Mwanangu," aliuliza, "hivi jina lako ni nani?"