Karatasi Kwenye Geti la Tsonka

Kifuniko cha chupa kililia tik, nikafungua macho. Nje bado giza. Jana yake nilikuwa nimechoma pilipili hoho kutwa nzima uani, nikazimenya, nikazipanga kwenye chupa na kuzichemsha, na sasa chupa zilikuwa zinapoa juu ya meza ya jikoni. Kila kifuniko kikibonyea chenyewe hulia hivyo, ndipo unajua chupa imeshika. Nikalala kimya nikisikiliza. Chumba cha pili mjukuu wangu Bilyana alikuwa anakoroma kama marehemu babu yake.

Alikuwa amekuja kutoka Sofia, mji wetu mkuu, na maboksi ya vitabu. Bilyana ni mwandishi, ndiyo kwanza anaanza. Anaandika mambo yasiyokuwapo, na ukimsikiliza unaanza kuyaona dirishani. Kitabu hiki wamekiandika watu kadhaa kwa pamoja. Walibuni mji mmoja wakauita Mji Usiozimika, wakagawana mitaa, kila mwandishi akatunga hadithi ya mtaa wake. Wa Bilyana ni mtaa wa daraja. Huko mtu akihama, kivuli chake hubaki nyuma. Kinalisha kuku, kinapasua kuni, kinawapeleka wazee kwa daktari.

Mtaa huo hakuutunga peke yake. Aliutunga na Svilena, wa nyumba ya chini karibu na mto, rafiki yake tangu wote wawili hawana meno ya mbele. Kivuli kilikuwa wazo la Svilena. Yeye hakuhama, anafanya kazi kiwanda cha soksi, mara nyingi zamu ya usiku. Majira yote ya baridi walikuwa wanatumiana kwa simu, huyu kipande, yule kipande. Kisha Mitko, kaka yake Svilena, akafa kwa pikipiki, na Svilena akanyamaza. Bilyana akangoja. Wahariri wakamhimiza, akamalizia mwenyewe. Kitabu kilipotoka, mtaa wa daraja ulikuwa na jina moja tu. La Svilena lilikuwa kurasa za mwisho, kwenye shukrani, kwa herufi ndogo kama mbegu za ufuta.

"Walisema kila mtaa jina moja, Bibi," aliniambia siku aliyofika. "Nikakubali. Na nilikubali haraka, ndicho kinachoniuma."

Jumamosi angesoma kitabu kwenye ukumbi wetu wa kusomea, na alitaka Svilena akae naye mbele ya watu. Alimpigia simu, Svilena hakupokea. Basi akatengeneza bango lenye nyuso zao wote wawili, ukubwa sawasawa, na jana yake jioni akazunguka mji na gundi yake. Mimi nilikuwa na pilipili zangu, bango sikuliona.

Alfajiri hiyo sasa, nilikuwa nimeshaweka kahawa jikoni mlango ulipogongwa. Alikuwa jirani yangu Pencho, aliyekuwa dereva wa treni, mtu ambaye nilipovunjika mguu alinifyagilia theluji mlangoni bila kuombwa. Alikuwa amevaa koti la kanisani. Kofia mkononi, chupa ya rakia, pombe yetu kali ya matunda, kwapani.

"Yordana," akasema, "Mungu akutie nguvu."

"Ameshanitia, pilipili zote zimeingia kwenye chupa. Una nini wewe alfajiri hii?"

Akaninyooshea maua. Mawaridi mawili meupe. Nikayahesabu tena kwa macho, maana kwa aliye hai hatupeleki mawili. Tunapeleka moja, au matatu.

"Pencho, nani kafa?"

Uso wake ukakunjamana. "Usinifanye niseme mimi. Wote wawili kwa mpigo! Ilikuwa gari?"

Hapo Bilyana akatokea nyuma yangu na soksi zake, nywele zimesimama. "Bibi, kahawa ipo?"

Pencho alifanya ishara ya msalaba kwa nguvu hata rakia ikamponyoka, ikavunjika ngazini.

"Wewe umekufa!" akamfokea.

"Mimi? Tangu lini?"

"Tangu jana jioni! Umebandikwa kila nguzo, mpaka kituo cha basi!"

Akatoa karatasi mfukoni na kuikunjua. Nikavaa miwani. Picha nyeusi na nyeupe, mjukuu wangu na Svilena, wanatazama mbele. Mpaka mweusi pande zote nne. Majina yao. Juu, kwa herufi nene, Mji Usiozimika. Chini, Jumamosi, saa kumi na moja jioni, nyote mnakaribishwa.

"Sasa niambie," Pencho akasema, "mtu wa hapa asome nini? Kwenye nguzo ile ile ndipo tulipobandika karatasi ya msiba ya mke wangu. Msiba wa kwanza, arobaini, mwaka. Mpaka mweusi ule ule!"

Bilyana akaanza kucheka. "Babu Pencho, Sofia mabango ya vitabu yako hivi. Niliona yanapendeza."

"Sofia watu hawafi?"

Akacheka zaidi, akashika mlango, na mimi nikacheka, na Pencho naye akafuta macho huku anatikisa mabega. Kisha mjukuu wangu akaichukua karatasi na kuitazama upya. 

"Bibi. Nimebandika na kwenye geti la kina Svilena."

"Ipo karatasi ya msiba ya Mitko pale," nikasema.

"Nimeibandika pembeni yake. Nilitaka akitoka kazini aione."

 Svilena alikuwa zamu ya usiku. Mama yake, Tsonka, huoka mikate, na hutoka nyumbani kabla ya mtu yeyote.

Tuliteremka na ndara zetu. Kulikuwa kunapambazuka. Tsonka alikuwa kwenye benchi nje ya geti, koti la mtu mwingine mabegani, na nilijua lile koti, ni la mwenye duka la kona, ambaye hajawahi kumkopesha mtu hata kiberiti. Svilena alikuwa amepiga magoti mbele ya mama yake na aproni ya kiwandani, anamsugua vidole.

"Mimi hapa, mama," alikuwa anasema. "Nishike. Ona, nina joto. Nimekuja."

Ilikuwa hivi, kama mwenye duka alivyotueleza baadaye. Tsonka alitoka na taa yake ya mkononi, akaelekeza mwanga getini kumwamkia mwanawe kama afanyavyo kila siku, na pembeni ya Mitko akamwona Svilena. Alikaa chini pale pale. Alitaka kwenda kiwandani, mwenye duka akamkalisha benchini na kumvika koti lake. Mpaka binti yake alipotokea barabarani, anatembea kwa miguu yake, yule mama alikuwa hana mtoto.

Bilyana alisimama hatua chache nyuma yangu. "Svile," akasema. "Sikujua. Haki ya Mungu sikujua."

Svilena hakuinuka. "Unajua ulichofanya? Kwenye kitabu hukuniweka. Kwenye karatasi ya wafu ndiyo umeniweka."

"Nilitaka watu wajue ni yetu sote."

"Uliniuliza?"

"Nilipiga simu."

"Ulipiga simu! Kutoka Sofia mpaka hapa umekuja mwenyewe, halafu umefika getini kwetu, ukanibandika, ukaondoka. Ungegonga, Bili. Mama alikuwa ndani anakanda unga. Ungegonga tu."

 Baadaye Bilyana aliniambia kwamba mkono aliunyanyua agonge, akaona gundi ni rahisi zaidi.

Mimi nikakaa benchini na kumshika Tsonka mkono wa pili. Hakuwa analia. Alikuwa anatazama geti. "Gundi ikikauka itamng'oa na Mitko," akasema. Nikaelewa. Nikaingia ndani, nikarudi na beseni la maji ya moto na kitambaa, nikampa Bilyana. Akalowesha karatasi yake taratibu, akaanza kuibandua kuanzia pembe ya mbali. Aliibandua muda mrefu. Ukingo wa karatasi ya Mitko ulipoanza kunyanyuka, Svilena aliinuka, akaukandamiza kwa kidole gumba, akaushikilia mpaka kazi ikaisha. Walisimama bega kwa bega vile na hawakutazamana.

"Svilena," nikamwita tulipoondoka. "Kalale, mwanangu."

"Nitalala, Bibi Yordana. Kesho pia niko kazini, na Jumamosi. Nimeomba mwenyewe."

Siku ile tulizunguka mji mzima na beseni. Mikono ya Bilyana iliiva kama ya dobi. Alitaka kufuta usomaji, arudi Sofia. Lakini kila tulipobandua, mtu alisimama. Mwalimu wake wa zamani alimshika mashavu, akamwangalia, akaenda zake. Mama wa posta alimtukana vizuri, kisha akamlisha banitsa, andazi letu la jibini, mdomoni kwa sababu mikono yake ina gundi. "Kula, maiti," akamwambia. "Umetukosesha usingizi."

Na nyumbani maua yalikuwa yamejaa ngazini. Wengine walikuwa wameleta ngano iliyochemshwa na sukari, kama tunavyowapikia wafu, wakaiacha kimyakimya wasitusumbue. Niliyaingiza maua jikoni, nikaketi, nikafungua kila fungu na kutoa ua moja. Manne yakawa matatu. Sita yakawa matano. Maua ya kumpa mtu aliye hai. Yale niliyoyatoa niliyafunga pamoja, nikahakikisha idadi yake inagawanyika kwa mbili, tukampelekea Mitko makaburini. Bilyana aliyaweka mwenyewe. Alikaa pale muda mrefu kuliko nilivyotegemea, na mimi nikajifanya natafuta magugu ya kung'oa.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Sidhani watu walikuja kwa kitabu. Walikuja kumwona akipumua. Pencho alivaa lile koti la kanisani na kuwaambia wote waliopita, "Mimi ndiye niliyemfufua."

Mbele palikuwa na viti viwili. Bilyana alikaa kwenye kimoja. Kila mlango ulipolia aliinua macho.

"Mtaa wa daraja tuliutunga wawili," akawaambia watu. "Kivuli ni cha Svilena. Kitabu hakisemi hivyo, na mimi niliyekuwa na nafasi ya kusema sikusema."

Akasoma. Akasoma habari ya mwanamke aliyehama, na kivuli chake kinachoamka gizani, kinampikia mama yake chai, kinawajibu majirani wanapouliza, amesema atakuja lini.  Nani kati yetu hana mtu Ujerumani, au Hispania? Alipofika ukurasa wa mwisho akafunga kitabu.

"Mwisho niliandika peke yangu," akasema. "Humo mwanamke anarudi na kivuli kinamrukia miguuni, wanakuwa kitu kimoja kama zamani. Sitausoma. Nadhani si kweli."

Watu walipopanga foleni ya vitabu alitoa kalamu, na katika kila nakala, chini ya jina lake pale mwanzo wa mtaa wa daraja, akaandika la Svilena kwa mkono. Wa mwisho kwenye foleni alikuwa mwanamke mwenye kitambaa cheusi kichwani. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, sikumwona akiingia.

"Mama Tsonka," Bilyana akasema, akasimama.

"Kaa. Andika la kwake kwanza," Tsonka akasema. "Halafu la kwako."

Akaandika. Tsonka alikitazama kile kitabu kwa mbali, kisha kwa karibu, akakiingiza ndani ya koti, upande wa kifuani.

Jumapili Bilyana alikuwa na basi la asubuhi. Nilimwaga maji kizingitini ili safari iteleze, nikamsindikiza. Tulipofika nyumba ya chini alisimama. Akaweka begi chini. Akagonga.

Svilena alifungua dirisha la juu, macho yamevimba kwa usingizi. 

"Naondoka," Bilyana akasema. "Nimekuja kusema tu. Na kukuuliza. Kivuli kingefanya nini yule mwanamke akirudi?"

Nilidhani atafunga dirisha. 

"Kingemwekea sahani," Svilena akasema. "Angekula, na kingesimama mlangoni kinamtazama. Hakingemrukia. Kimezoea kutembea peke yake." Akavuta pazia nusu. "Sina hamu ya kuandika tena, Bili. Usinisubiri."

"Sawa."

"Na sijapoa."

"Najua."

Dirisha likafungwa. Bilyana aliinama kuchukua begi, na nikaona machozi yakimdondokea kwenye mkono. Ndipo geti likafunguka. Tsonka alitoka na mikono ina unga mpaka viwikoni, mkate umefungwa kwenye kitambaa, bado wa moto. Akaupachika juu ya begi.

"Wa njiani," akasema. Akamfuta shavu kwa kiwiko, unga ukabaki pale. "Siku ya kukumbuka mwaka wa Mitko tutapika. Huyo wa juu atakuwa mkali, atanuna, usimjali. Wewe njoo. Usilete karatasi, usilete kitabu. Gonga tu kama ulivyogonga leo, mwanangu, na uje tena."