Nani Atamcheka Mutsago

...na dakika tano si kitu, dakika tano hata maji ya chai hayajachemka, Taguma akimwita sasa hivi anapanda jukwaani, anasema yake, anashuka, anakimbia, kituo cha mabasi kiko hapo ng'ambo ya soko la Sakubva, ukikimbia ni dakika kumi, lakini Taguma hamwiti, Taguma amekishika kipaza sauti kama mtu aliyepewa paja la kuku kwenye harusi, haachii, "mtu wa Harare," anasema, "mtu wa Harare akifika Mutare akauona mlima wetu, swali la kwanza, huu mnaufunga saa ngapi?" na bustani nzima ya bia inacheka, wanacheka kila Jumapili kichekesho kilekile, na Muchaneta amesimama nyuma ya ukuta wa kreti tupu, kofia ya baba yake kichwani, mfuko wa plastiki miguuni, mfuko wenye sweta na kitenge cha msiba, na saa iliyo juu ya dirisha la kuuzia bia inasema saa tisa na dakika arobaini, basi la Murambinda, la kumfikisha Buhera, linaondoka saa kumi, na Jumapili likishaondoka hilo hakuna jingine, na kesho alfajiri Mzee Mutsago anazikwa... lakini Bwana Nyakudya yuko pale meza ya mbele, amekuja kutoka Harare kwa gari lake mwenyewe, anatafuta mchekeshaji mmoja wa Mutare kwa jukwaa kubwa la Agosti, mmoja tu, na kwa sasa anakula sadza, ugali wa huku, na mbavu, anafuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa, polepole, mtu ambaye basi lake haliondoki. Muchaneta alikuwa awe wa kwanza, saa nane kamili, aliahidiwa, kisha Nyakudya akachelewa na ikabidi asubiriwe, kisha nyama yake ikachelewa na ikabidi nayo isubiriwe, na alipomwendea Taguma akamwambia, "Kaka, nitangulize mimi, nina msiba," Taguma alicheka mpaka akajishika kiuno, "Msiba! Anza na hiyo hiyo, usibadilishe hata neno," akaondoka akitikisa kichwa, kwa sababu ndivyo ilivyo, ukishajulikana mchekeshaji huna msiba, huna homa, ukianguka barabarani watu watasimama pembeni wasubiri mwisho wake.

Jua la Juni limepenya kwenye nafasi za kreti, linamwangukia mikononi vipande vipande, jua la baridi lisilochoma, na kelele za watu zinakwenda mbali, zinarudi, zinakwenda tena, kama anasikiliza akiwa ndani ya tangi la maji... jana asubuhi simu ililia naye anapiga mswaki, Ratidzo, binti mkubwa wa Mutsago, "Muchaneta, dadangu, mzee ameondoka," naye alikaribia kuuliza kaondoka kwenda wapi, maana nyumba ile hakuna neno lao linaloaminiwa likisemwa mara moja, mpaka akasikia pumzi ya Ratidzo inavyokatika, akakaa kwenye ukingo wa beseni na mswaki mdomoni. "Watu wamejaa uani," Ratidzo akasema, "lakini wamekaa tu. Wanalia kistaarabu. Mama anasema ni kama tunamzika mgeni aliyepita njia. Baba yako hayupo, kaka yako Trymore yuko Johannesburg, sasa aje nani?" na Muchaneta akasema nitakuja, nikimaliza jambo moja hapa mjini, "Jambo gani?" la kazi, na Ratidzo akasema, bila hasira hata chembe, "Haya. Tutamwambia asubiri." Neno hilo limekaa naye tangu jana, limelala naye, limeamka naye, tutamwambia asubiri, na maiti hasubiri, au labda kazi yao pekee ndiyo hiyo, kusubiri, amelala chumbani kwake pale Buhera kwenye sanduku, shuka jeupe, wanawake wamekaa sakafuni miguu wameinyoosha, na hakuna wa kuingia akisema, toka humo mvivu wewe, mbuzi wamo shambani.

"...sasa mtu wa Harare akauliza tena," anasema Taguma, na wanacheka kabla swali halijatoka... mwaka juzi hapa hapa hawakumcheka yeye Muchaneta. Alipanda na kichekesho cha simu, na cha wanaume wenye magari, vyote alivitunga mwenyewe chumbani mbele ya kioo, na kioo kilicheka, lakini watu hawakucheka, alisikia kijiko kikikwaruza sahani kule nyuma, akasikia na sauti ya mama mmoja, ya upole kabisa, ikisema mpeni maji jamani, na maji yakaletwa, akayanywa jukwaani mbele ya watu mpaka glasi ikaisha, akashuka. Miezi kumi hakurudi. Kisha baba akafa, na Mzee Mutsago akaja. Aliingia uani kwa mtani wake kama mwizi aliyeiona nyumba haina mlinzi, sahwira, mtani wa ukoo, tangu enzi za mababu walipoanza kuzikana na kuchekana, akapita kati ya waliao mpaka ndani, akauliza nani kafa hapa, huyu? mbona huyu nimemzoea hivi hivi? akaichukua msumarini kofia ya baba, kofia ile ya ulinzi ya rangi ya kijani, akaivaa, akachukua na rungu, akalala chali sakafuni sambamba na jeneza, kofia usoni, akakoroma. Akakoroma, kisha kwa sauti ya baba, sauti yenyewe ya puani, "Nani hapo? Pita tu, pita, mimi nalinda," na mama, mama ambaye tangu juzi yake alikuwa hajala wala kunena, akatoa sauti ambayo Muchaneta alidhani ni kilio na ilikuwa kicheko, kikamwangusha ubavu, kikamtoa machozi yaliyokuwa yamegoma, na Mutsago akainuka, akapiga rungu kwenye ubao wa jeneza, akasema, "Miaka thelathini kiwandani alilala kwa mshahara, jamani. Leo ndiyo mara ya kwanza analala bure." Na watu wakalia wakicheka, wakacheka wakilia, na Muchaneta alihisi kama mtu kamfungulia dirisha kifuani, akamwona baba, baba mzima, mvivu, mpole, anayenuka tumbaku, si marehemu tena.

Na mwezi uliofuata akapanda jukwaa hili akiwa na kofia hiyo, akalala chali, akakoroma, akasema pita tu mimi nalinda, na bustani ikapasuka... na tangu siku hiyo wanamsifu, binti ana kipawa, kakitoa wapi? naye anainamisha kichwa, anasema Mungu tu, Mungu, wakati ni Mutsago, kila neno ni la Mutsago, hata pale pa kuvuta pumzi ni pa Mutsago. Nguo ya kuazima haisitiri matako, mama alimwambia siku moja akimenya viazi, hakueleza, akaendelea kumenya. Mutsago mwenyewe aliona. Mjukuu alimwonyesha video kwenye simu, mzee akapiga, na Muchaneta alipoona jina lake alitaka kuizima simu aitupe chooni, lakini mzee alikuwa anacheka tu, "Mtani mdogo, nimekuona unavyonicheza nikimcheza baba yako. Umelala vizuri. Kukoroma bado, baba yako alikuwa na filimbi mwishoni, usiisahau filimbi." Basi. Hakudai kitu. Au alishadai zamani, pale pale siku ya mazishi, sasa anakumbuka, na anakumbuka kwa mwili, kwa uzito wa kofia yenyewe... vilipogawiwa vitu vya marehemu, kofia ilikuwa yake Mutsago kwa haki ya utani, aliishika kidogo, akaipiga vumbi gotini, akaja akamvika yeye Muchaneta, akaisukuma mpaka ikamfunika macho, akasema, "Nitunzie. Siku yangu ikifika, uje nayo unicheke. Usiponicheka, nitawarudia hapa kila usiku nile sukari yenu," na wote wakacheka, naye alicheka, gizani ndani ya kofia, akasema sawa mzee. Alisema sawa. Ameivaa mwaka mzima akidhani ni kofia ya baba.

Nyakudya amesukuma sahani. Anatazama jukwaa. Sasa, sasa ndiyo wakati wenyewe, Taguma, maliza... jukwaa kubwa, taa, Harare, jina lake kwenye ukuta wa mji, ameliota mpaka ndoto imechakaa, na katika ndoto hiyo daima yuko jukwaani amelala chali, kofia usoni, na watu elfu wanacheka, na leo ndani ya hiyo hiyo ndoto kofia inanyanyuliwa, na anayeinyanyua ni Mutsago, na saa zake mbili, moja mkono wa kulia moja wa kushoto, zote zimekufa tangu Muchaneta akiwa darasa la tatu. Ukimuuliza saa, anatazama ya kulia, anatazama ya kushoto, anatazama jua, anasema zote zinakubaliana. Saa mbili, na hajawahi kuwahi kokote, harusi yake mwenyewe alifika nyama imekwisha, ubatizo wa Ratidzo alifika mtoto amekauka... na Muchaneta anajisikia mdomo unaanza kutembea wenyewe, bila sauti, watu wa Buhera, jamani, huyu alikuwa na saa mbili na alichelewa kila mahali, mara moja tu, mara moja katika maisha yake tumemwambia, mzee, subiri kidogo, mtani wako yuko njiani, akaona leo ndiyo siku ya kuwahi. Na hapo ataliinua shuka kwenye mkono wa marehemu, ataangalia ya kulia, ataangalia ya kushoto, ataangalia paa. Atasema zote zinakubaliana. Na anamwona mama yake Ratidzo sakafuni, mabega yanaanza kutikisika, anamwona Ratidzo ameziba mdomo kwa kitenge, na yeye mwenyewe hapa nyuma ya kreti anacheka, peke yake, kicheko kinampanda kutoka chini kabisa na machozi yako ndani yake, machozi ya Mutsago ambayo tangu jana hayakutoka, anajifuta kwa mkono wa blauzi, na dada anayekusanya chupa anamtazama, "Unajichekesha mwenyewe? Tubakishie na sisi," naye anatikisa kichwa, kwa sababu hili la saa ni lake, hakuna aliyempa, la kwanza lake tangu kile kijiko kikwaruze sahani, na hapa halina kazi. Hapa hakuna anayemjua Mutsago, hakuna aliyewahi kumuuliza saa. Akilisema hapa ataletewa tena maji. Kichekesho hiki kina watu wake, nao wamekaa uani Buhera wanalia kistaarabu.

Na akipanda hapa leo atalala chali na kukoroma, na Nyakudya atampenda, anajua atampenda, na mahali pengine mtu atafunikwa udongo bila kuchekwa, amezikwa nusu, na yeye atakuwa na kofia yake kichwani. Anaogopa. Huko hakuna kipaza sauti, hakuna kushuka, msibani wasipocheka unabaki nao mpaka asubuhi. Anaogopa na miguu imekuwa myepesi. Saa ya dirishani inasema dakika arobaini na nne. Anaivua kofia, anaipiga vumbi gotini, mara mbili, kama alivyofanya mwenyewe, anaiweka mfukoni juu ya sweta, anaukunja mdomo wa mfuko vizuri, kama mtu anayebeba kitu cha watu. Taguma bado yuko na mtu wake wa Harare, mlima bado haujafungwa, Nyakudya anachokonoa meno, jua liko pale pale kwenye kreti. "Msiondoke," Taguma anasema, "Muchaneta yuko hapo nyuma, binti yetu, anakuja sasa hivi, Muchaneta, unakuja?"

"Nakuja, mzee," anasema Muchaneta kwa sauti ndogo, mfuko kifuani, uso umeelekea upande wa soko na kituo cha mabasi.