Swali la Wiki Nne

Simu haikupokewa, kwa hiyo Ornella Scarfò akapanda mlima mwenyewe hadi kwa akina Furci. Alikuwa mdadisi wa takwimu. Kazi yake ilikuwa kuwauliza watu wa Calabria, kusini mwa Italia, maswali yaleyale yanayoulizwa Uswidi, Ureno na Ugiriki, ili ukosefu wa ajira wa nchi hizo upate kulinganishwa, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake. Katika ulinganisho huo, wanawake wa kwao hawakubanduka mkiani.

Safari ya kwanza, mwanzoni mwa majira ya baridi, alimkuta Mirella Furci peke yake. Mirella alijibu kwa sauti ya chini ingawa nyumba ilikuwa tupu: ameomba kazi kwenye ghala la machungwa, na mumewe hajui. Alipokuwa akisema hivyo alikuwa akiusugua mkono wake wa kushoto, ambao haukunyooka sawasawa. Ornella hakuuliza, hilo halikuwa miongoni mwa maswali yake.

Leo aliyefungua mlango alikuwa mume, Cataldo. Mirella alikuwa jikoni akikaanga pilipili hoho. Kanuni ziliruhusu mmoja kuwajibia wote wa nyumbani, na Cataldo, mtu mcheshi, alijitolea kumjibia hata paka. Akataka kujua kama wanaume wa Uswidi nao huulizwa habari za wake zao.

"Huulizwa, bwana."

"Wale wanaobadilisha nepi? Kule afadhali wake ndio waulizwe habari za waume, mama, ndio wenye nyumba."

Ornella alicheka, na kicheko kikamlegeza. Walikuwa wamefika kwenye swali la wiki nne: je, katika wiki nne zilizopita mkeo ametafuta kazi? Swali hilo husomwa lilivyo. Lakini kwa nyumba zilizokwisha kutembelewa, wadadisi walikuwa na mazoea ya kupita njia ya mkato kwa kukumbushia jibu lililopita, na ulimi wake ukatangulia.

"Kule kwenye ghala la machungwa bado hawajamjibu?"

Jikoni, mwiko ulinyamaza. Mafuta yakaendelea kuchemka peke yake.

 Ornella akasema haraka kwamba amechanganya, hiyo ni nyumba nyingine, uchovu umemzidi. Mirella akatokea mlangoni, akijifuta mikono iliyokwisha kukauka, akasema maskini, nyumba zote hizo, nani asingechanganya.

Cataldo alimtazama mkewe kwa upole. "Unatafuta kazi, Mirella?"

"Sitafuti."

"Andika, mama. Hatafuti."

Ornella akaandika. Kwa jibu hilo Mirella alitoka katika hesabu ya wasio na ajira, kwani asiyetafuta kazi hahesabiwi humo, na ukosefu wa ajira wa wanawake wa Calabria ukapungua kwa mtu mmoja, jambo ambalo mahali fulani mtu angeliona kuwa ni heri.

Cataldo alimsindikiza Ornella hadi kwenye gari, akamfungulia mlango, akainama dirishani akiwa bado anatabasamu.

"Lile ghala la machungwa," aliuliza, "msimamizi wao ni nani?"

"Sijui, bwana."

"Si neno. Nitakwenda kuuliza mwenyewe. Lakini kwanza nikale."

Akarudi ndani, akafunga mlango bila kuubamiza. Ornella alitoa simu ili amwambie Mirella atoke kwa mlango wa nyuma. Namba ya nyumba ile aliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, na ilikuwa ya Cataldo. Akaiweka simu kitini, akafungua mlango wa gari, akaanza kurudi kwa miguu kwenye mlango wa akina Furci, bila swali lolote mkononi.